Sakoshi ya Papa Matiyo

Nilitoka Bunia kujitolea mu hifadhi ya nyama wa pori, lakini nilikuja na wasiwasi wa muji. Sakoshi ya Papa Matiyo, mulinzi wetu, ule mufuko wake wa begani, ilikuwa inanuka moshi. Nikawaza: huyu anauza nyama ya pori. Kusema haki, hajanikosea hata siku moja. Lakini nilitaka shefu wa hifadhi amufukuze.

Nikamufuata mu pori. Alitundika sakoshi ku muti, akaenda kuteka maji. Nikaifungua: samaki ya kukausha ku moshi, na chumvi. Nikaifunga polepole.

Siku ya lundi, juma ilipoanza, mbele yetu wote, shefu akaonyesha picha za kamera ya kujipiga yenyewe, ile Papa Matiyo alifunga kule pori. Okapi. Nguruwe. Kisha miye, mukono mu sakoshi mupaka kiwiko.

“Mutoto yangu,” Papa Matiyo akasema, “kama ilikuwa njaa, ungeniambia.”