Ukurasa Niliomsomea Mama

Benchi la nyuma katika kanisa letu halikuwa na mahali pa kuegemea. Sijui kama fundi aliishiwa mbao au aliambiwa afanye hivyo makusudi, maana ndilo lililokaliwa na waliotengwa: walevi wa ulanzi, wasichana waliopata mimba wakiwa kwa wazazi wao, na wanaume wenye wake wawili. Baba yangu alikaa pale tangu kabla sijazaliwa. Siku ya meza ya Bwana, wenzake walipokwenda mbele, yeye alibaki ameinama akiitazama kofia yake magotini. Mimi nilikwenda mbele. Nilibatizwa mchanga, nikasomeshwa na misheni, nikaolewa na mwalimu wa misheni nikafundisha pamoja naye, na nilikula ule mkate bila kugeuka nyuma, ingawa mimi ndiye niliyekuwa sababu ya baba kukaa kule.

Mama mkubwa, mke wa ndoa ya kanisani, hakujaliwa mtoto. Baba akamwoa mama yangu kwa desturi ya kwetu, akamjengea nyumba upande wa chini wa ua, nikazaliwa mimi. Basi. Hakukuwa na mchezo mwingine ndani yake. Wake wawili walipalilia shamba moja la pareto, wakapikiana, wakagombana kuhusu kuku.

Haya yalikuwa miaka ya hamsini, kijijini, mwendo wa siku nzima kwa miguu kutoka Iringa mjini. Jina la kanisa siliandiki. Waliobaki ndani yake wangali wanasali, na waliotoka vilevile, na sina haja ya kugombana na wajukuu zao.

Mama hakujua kusoma. Alikuwa mwanafunzi wa darasa la ubatizo kwa miaka kumi na miwili, na nadhani hakuna aliyewahi kusoma darasa lile muda mrefu kuliko yeye. Wenzake walibatizwa, wakaleta mabinti zao, mabinti nao wakabatizwa, yeye bado yupo pale kwenye mkeka. Mafundisho yote aliyajua kwa moyo. Mwinjilisti, mtu mrefu mwenye kikohozi kisichokwisha, alikuwa akimtania kwamba siku akiugua, mama ndiye atakayemshikia darasa. Lakini kila orodha ya kubatizwa ilipotoka, jina lake halikuwamo. Kanuni ilikuwa wazi: mke wa pili hapokelewi mpaka aondoke kwenye ua wa mume. Akiondoka, yeye atabatizwa, na mume atarudishwa mezani.

Mwaka huo wa kumi na mbili baba alianza kuumwa miguu. Akaja nyumbani kwetu shuleni, akakaa kwenye kiti bila kuvua koti.

"Mwanangu," akasema, "sitaki kufia benchi la nyuma. Zungumza na mama yako. Wewe umesoma."

Nilikasirika. Nilitaka kumwuliza kwa nini asizungumze naye mwenyewe, aliyemtolea mahari akamleta pale. Lakini baba yangu hakuwahi kuniomba kitu maishani, na kumwona anaomba kulinivunja nguvu. Nikaenda.

Mama alinisikiliza huku anachambua maharage. Nilipomaliza hakulia, wala hakuuliza atakwenda wapi. Aliuliza jambo moja tu. Nyumbani tulisema Kihehe, lakini nakumbuka maneno yake sawasawa.

"Limeandikwa hilo? Kwenye Biblia yenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Basi nisomee. Ukinisomea, nitaondoka. Mungu akisema niondoke, mimi ni nani nibaki? Lakini nataka kusikia yeye anasema, siyo mchungaji."

Nilimwambia nitarudi na kitabu changu Jumamosi. Sikuwa na wasiwasi. Niliamini kwa dhati kwamba pameandikwa mahali fulani, kwa sababu tulifundishwa hivyo tangu utoto, na mtu hahangaiki kutafuta kitu anachojua kipo. Siku nne hizo nilitafuta kila nilipopata nafasi, wanafunzi wakiwa bustanini, sufuria ikiwa motoni. Nikakuta Ibrahimu. Nikamkuta Yakobo na wake zake na vijakazi wao, na hakuna aliyewarudisha kwao. Nikakuta kwamba askofu awe na mke mmoja, lakini baba hakuwa askofu. Nikakuta mahali Mungu anaposema anachukia mtu kumwacha mke wake, nikageuza ukurasa upesi kama mtu aliyefungua mlango wa watu.

Nilimwuliza mume wangu. Alikuwa anasahihisha madaftari ya watoto. Akasema, "Imo kwenye kanuni za kanisa," akanipa kile kijitabu chembamba cha rangi ya kijivu. Nikamwambia mama anataka Biblia. Akainua macho, akasema, "Yeye atajuaje?"

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka. Lakini maneno yale niliyabeba hadi kwa mama, na siku ile jambo lile lilikuwa limeniingia akilini kabla hajalisema, hivyo siwezi kumtupia yeye.

Jumamosi nilikaa kwenye kigoda cha mama, nikafungua Biblia katikati, popote palipofunguka, nikatamka ile kanuni niliyoikariri. Niliipa mwendo wa Maandiko, kwa sauti ninayotumia darasani. Mwanamume aliyeoa wake wawili na amwache wa pili, na yule wa pili na arudi kwa watu wake kwa amani. Hayo maneno "kwa amani" ni yangu. Hata kwenye kijitabu hayakuwamo. Niliyatia ili yasimwume.

 Mama akavuta uzi mweusi kwenye upindo wa kaniki yake, akaukata kwa meno, akaulaza juu ya ukurasa.

"Hapa?"

"Hapa, mama."

"Niachie kitabu. Nipajue."

Wiki iliyofuata aliondoka. Kwetu mke anayeondoka kwa hiari hung'oa mafiga yake, na akishayang'oa hana tena pa kurudi. Nilikuwa sijawahi kuona jambo hilo. Aliyachimbua mawe matatu kwa jembe, yakiwa meusi kwa moshi wa miaka yote ya maisha yangu, akayatia kwenye tenga na kujitwika, na Biblia yangu juu yake imefungwa kwa kitambaa. Mama mkubwa alimshika mkono hadi kwenye kijito. Baba hakutoka ndani. Mama alikwenda kwa kaka yake, ng'ambo ya bonde, akapewa chumba kilichokuwa ghala la mahindi.

Mwezi uliofuata baba alirudishwa mezani. Alitembea kwenda mbele kwa mkongojo, na watu wakafurahi, na mimi nikafurahi. Jina la mama likaandikwa kwenye orodha ya Pasaka.

Pasaka ile haikumkuta kanisani, kwa sababu kanisa lilipasuka kabla yake. Mpasuko ulianza kwa mwinjilisti. Jumapili moja alisimama, akakohoa, akasema ameisoma Biblia mwanzo hadi mwisho mara mbili na hakuona benchi la nyuma. Akasema sisi tunaongozwa na kijitabu cha wazungu na kukiita Neno. Mchungaji akamjibu palepale kwamba Neno linasomwa na kanisa zima, na kila mtu akijisomea peke yake, kila nyumba itakuwa na kanisa lake. Nikiwa mzee sasa naona wote wawili walikuwa na jambo la kweli mkononi. Siku ile niliufikiria tu ule uzi wa mama.

Wakuu wakaitana Mbeya. Mume wangu alipelekwa kama mjumbe, akapanda lori la mbao, akakaa huko juma zima. Alirudi na vumbi la Usangu masikioni na habari fupi: kanuni zinabaki, mwinjilisti ameondolewa, na mwalimu atakayemfuata atatoka shuleni na kwenye nyumba ya shule. Tulikuwa na watoto watatu katika nyumba hiyo. Hatukulijadili.

Nusu ya watu walitoka. Walijenga banda la nyasi ng'ambo ya barabara, wakatundika kipande cha chuma mtini, na Jumapili kengele zikawa mbili zinazopigana. Ndugu waliacha kusalimiana. Niliwaona wanawake waliozalishana wanapishana kisimani bila hata kamwene, salamu ambayo kwetu hupewa hata mgeni usiyemjua.

Mama alisikia huko ng'ambo ya bonde. Alisikia kwamba mwalimu wake wa darasa anawaambia watu kuwa hapakuandikwa popote. Akamhurumia. Alimpenda yule mtu, na aliona amepotea kwa kutojua ukurasa. Basi Jumapili moja akaja mpaka mlangoni kwangu, amevaa nguo yake safi, Biblia kwapani.

"Twende," akasema. "Ukamsomee. Anapotosha watu, maskini, na mimi nina mahali penyewe."

Ningeweza kusema naumwa. Ningeweza kusema mume wangu atafukuzwa nikionekana kule, na ingekuwa kweli. Lakini nilikuwa na aibu kiasi kwamba nilishindwa hata kudanganya tena. Nikamfuata kuvuka barabara.

Walikuwa wamemaliza kusali na wamesimama nje. Mama akamsalimia mwinjilisti kwa heshima, kwa kupiga goti, akamwambia mbele ya wote, "Mwalimu, umenifundisha miaka kumi na miwili, leo nimekuja na mimi nikufundishe kidogo." Watu wakacheka, naye akacheka. Akafungua kitambaa, akafungua kitabu penye uzi, akanipa. "Soma, mwanangu."

Niliuona ukurasa kwa mara ya kwanza, maana siku ile sikuutazama. Nikabaki nimekishika kitabu. Mama akadhani naona haya mbele ya watu, akanigusa kiwiko. "Soma tu."

Mwinjilisti akakichukua kitabu taratibu mikononi mwangu. Alisoma kimoyomoyo, akanitazama, na naamini alielewa yote, kwa sababu alijaribu kukifunga. Mama akamzuia. "Soma wewe basi. Kwa sauti."

Akasoma. Ilikuwa hesabu ya watu waliorudi kutoka uhamishoni na wanyama wao. Farasi kadhaa, nyumbu kadhaa, ngamia, punda. Alisoma mpaka mwisho wa ukurasa kwa sababu mama alikuwa bado anangoja.

"Hakuna la mke?" mama akauliza.

"Hapa hakuna, mama."

Akanigeukia. "Mwanangu, unasemaje?"

"Mama, iko kwenye kanuni."

"Nilikuomba kanuni?"

Hakupandisha sauti. Aliutoa uzi, akauzungusha kwenye kidole chake, akanirudishia kitabu changu. Mwinjilisti, kwa wema kabisa, akamwambia kwamba kwao hakuna benchi la nyuma, na Jumapili ijayo atambatiza yeye mwenyewe kijitoni. Mama akaninyooshea kile kidole chenye uzi.

"Huyu nimemzaa," akasema, "na amenisomea lisilokuwemo. Wewe nitakuaminije?"

Akaondoka zake. Hakwenda tena kwao, wala hakuja tena kwetu. Jina lake likakatwa kwenye orodha ya Pasaka kwa kalamu nyekundu. Kurudi kwa baba hakuweza, mafiga yalikuwa yameng'olewa, na nyumba ile baba alishaigeuza zizi la mbuzi. Nilikwenda kumwomba radhi mara nyingi. Alinipikia kila mara, akauliza habari za wajukuu, na nilipoanza kuyasema yale aliinuka kwenda kutazama kuku. Sikuwahi kuyamaliza.

Baadaye mume wangu alihamishiwa shule moja Mbeya. Tulikuwa huko mwaka wa pili dereva wa lori la mbao alipokuja na ujumbe kwamba mama amekufa kwa homa ya mapafu. Nilisafiri nyuma ya lori hilohilo likirudi, nimeikumbatia Biblia, kwa sababu nilijua hakuna kanisa litakalompokea na nilikuwa nimekata shauri kumsomea mimi.

Nililoliwaza ndilo nililolikuta. Mchungaji alisema makaburi ya kanisa ni ya waliobatizwa. Waliotoka walisema hakuwa mtu wao, lakini walituma vijana wanne wachimbe, na hilo sitalisahau. Kaburi lilichimbwa pembeni mwa shamba la mjomba, penye miti ya miwati. Baba aliletwa akiwa ameshikwa mikono, akasimama mbali kidogo, upande wa juu, pamoja na wazee wenzake wa kanisa.

Walipokwisha kumshusha, watu wakanyamaza kama inavyokuwa pale msomaji anapongojwa. Nilisogea mbele. Nilikuwa nimechagua mahali wakati wa safari, pazuri, na nilipawekea alama ili nisikosee. Nikafungua kitabu.

Mjomba akanishika mkono. Alikuwa mtu mpole, na alizungumza chini sana ili aninusuru.

"Mwanangu, funga. Mama yako aliacha neno. Alisema tuimbe tukitaka, na anayetaka kusali asali. Ila wewe usimsomee."

Nadhani nilisema sikusikia. Sijui kwa nini nilisema hivyo, nilikuwa nimesikia. Basi ikambidi mjomba alirudie kwa sauti, na safari hii baba naye akasikia.