Shemeji Alivyoubomoa Ukuta wa Jikoni

Siku ile treni ilipomrudisha mama yetu, ndani ya hoteli tulikuwemo hawa: mimi, jikoni, mbele ya karai la maandazi; mdogo wangu wa tumbo moja, mwenye hoteli; mume wake, yaani shemeji yangu, na filimbi yake mdomoni; na mama aliyetuzaa sote wawili. Mkwe wangu, aliyemuoa binti yangu wa kwanza, hakuwemo, na kutokuwemo kwake ndiko kulikoleta haya yote. Waliobaki walikuwa abiria. Wote nawajua kwa majina, hata yule aliyeondoka na kijiko chetu, lakini mjukuu anayenisaidia kuandika amekataa majina. Anasema watu wana watoto wao. Basi nitawaita kwa undugu, na wa kijiko ashukuru.

Hoteli yenyewe ilikuwa Mpanda mjini, jirani na stesheni, miaka ile ya tisini. Tuliiita hoteli, ila hakuna aliyelala pale zaidi ya paka. Tuliuza kahawa ya maziwa yenye tangawizi, chapati na maandazi. Mbele kulikuwa na meza na mabenchi, nyuma jiko, na katikati ukuta wa matofali ya udongo wenye kijimlango cha pazia. Jikoni kulikuwa na dirisha dogo la kuelekea uani. Dirisha hilo lilikuwa la maziwa.

Maziwa alileta mkwe wangu. Watu wake walikuja na ng'ombe kutoka kaskazini, wengine wakabaki Kasansa, yeye akafugia pembeni ya mji. Sasa, nyie wa siku hizi mnakula sahani moja na wakwe zenu. Sisi, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani usoni, na kuonana mkiwa mnakula ndiyo aibu ya mwisho. Kwa hiyo kila asubuhi baiskeli ilisimama uani, mtu akakohoa, mimi nikalipa dirisha mgongo.

"Mama, mmeamkaje?"

"Tumeamka, baba. Watoto?"

"Wazima."

Dumu likawekwa, baiskeli ikaondoka. Miaka yote hiyo mkwe wangu nilimjua kwa kikohozi, na tulipendana sana.

Mimi nilikuwa mjane. Mdogo wangu ndiye aliyenitoa Sibwesa, kwenye jembe na kibanda kinachovuja, akaniweka pale jikoni. Kile kigoda mbele ya karai ndicho kilikuwa mume wangu na shamba langu.

Basi shemeji akastaafu reli. Alikuwa mshika bendera. Reli ilimwacha, yeye hakuiacha. Akakaa mlangoni siku mbili tatu akitutazama, kisha akatamka:

"Hoteli hii haina laini! Mnagongana kama mabehewa yaliyokatika breki!"

Nisimwonee, kweli tulikuwa tunagongana. Treni ya Tabora ikishaingia, watu walijazana mlango ule ule wa kuingia na kutoka, na mdogo wangu akipita kwenye pazia na sinia tulipigana vikumbo. Siku moja alimwaga kahawa kwenye mapaja ya katekista, na alichosema katekista siyo sala.

Shemeji akapanga. Mlango wa mbele ukawa wa kuingia tu, wa ubavuni wa kutokea tu. Foleni moja, mpaka kwenye meza ya kahawa. Bendera ya kijani, kahawa iko tayari. Nyekundu, subirini. Filimbi fupi, kaa. Filimbi ndefu, umemaliza, simama utoke, wenzako wanasubiri. Abiria waliotoka kukaa safarini usiku kucha walidhani wameshuka, kumbe wamepanda treni nyingine.

Tungevumilia. Lakini akasema ukuta wa jikoni unaziba njia, akaubomoa kwa sururu ili vikombe vipite moja kwa moja. Dirisha la uani akaliziba na matofali ya ukuta ule ule.

"Na maziwa, shemeji?" nikauliza.

"Mzigo ni mzigo. Utapita lango kuu kama mizigo mingine."

Kesho yake mkwe wangu akafika uani, akakohoa mbele ya matofali. Hakujibiwa. Mtu akamwelekeza foleni. Akapanga mstari na dumu lake, kijana wa heshima, mpaka akafika mbele, na mbele hakukuwa na ukuta. Kulikuwa na mimi. Mikono unga mpaka viwikoni, khanga kiunoni, na andazi zima la moto mdomoni nikilionja.

Akaniona. Nikamwona. Andazi halikushuka wala halikutoka.

Dumu likaanguka, maziwa yakatambaa mpaka chini ya mabenchi, na yeye akageuka akakimbia alikotokea, akiwapasua watu. Shemeji anapuliza filimbi nyuma yake: "Huko siyo kwa kutokea! Wewe! Huko ni kuingilia!"

Mkwe hakurudi, na nani angemlaumu? Kahawa ikawa nyeusi. Wateja wakaanza maneno: "Mama, leo mmefiwa?" Wengine wakahamia kwa jirani, ambaye hakuwa na bendera yoyote.

Jioni moja shemeji akamwambia mke wake, huku mimi nimekaa pale pale, maana ukuta wa kunificha alishaubomoa:

"Ukuta hauwezi kurudi. Reli haing'olewi kwa sababu ya ng'ombe. Hapa anayehamishika ni dada yako. Lori la Sibwesa lipo keshokutwa. Tutafute mpishi asiye na mkwe."

Mdogo wangu aliendelea kuosha kikombe kimoja mpaka nikaona atakitoboa. Nikakunja khanga zangu nikazitia kwenye kikapu.

Kesho yake ikaja treni, na ndani ya treni akaja mama. Alikuwa amekwenda Tabora kutibiwa macho. Alipokwenda alikuwa na ukungu, na shemeji alishazoea kumpitia karibu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu, akijua haonekani. Sasa mama amerudi anaona hata uzi kwenye sindano.

Watu walimpisha kwa uzee wake. Akaja mbele, akaketi benchi la ubavuni, fimbo ameilaza kwenye mlango wa kutokea. Shemeji alikuwa ndani, nyuma ya meza ya kahawa. Mlango wa kuingia una foleni na mizigo. Wa kutokea una mama mkwe. Dirisha ameliziba mwenyewe. Akatazama huku, akatazama kule, akaingia chini ya meza yangu ya chapati.

"Mkwe wangu hajambo?" mama akauliza. "Simwoni."

"Hajambo, mama, ametoka," mdogo wangu akajibu, akimwekea kikombe cha kahawa.

"Ametoka bila viatu?"

"Mama?"

"Viatu vya reli vile pale chini ya meza. Na naona vina miguu."

Foleni ikaguna. Miguu ikavutwa ndani, unga ukamwagika juu yake. Filimbi ilikuwa bado mdomoni kwa hofu, na kila alipopumua ikalia: fii, fii. Kisha unga ukamwingia puani. Alipiga chafya ya filimbi ndefu kuliko ya treni yenyewe, na abiria wote, jinsi walivyokuwa wamefundishwa, wakasimama na vikombe vyao nusu wakaanza kutoka.

"Mimi sijamaliza," mama akasema, hakuinuka. "Na hii kahawa mbona nyeusi?"

Nikamweleza: ukuta, andazi, maziwa, lori la Sibwesa kesho.

"Mpishi asiye na mkwe," mama akarudia polepole. "Nani kasema?"

Chini ya meza: fii.

"Haya. Mwambieni huyo ambaye hayupo, mimi Sibwesa simrudishi mwanangu. Na mimi mwenyewe siendi nyumbani. Nitakaa kwenye benchi hili tangu asubuhi mpaka jioni, kila siku, mpaka nione ukuta."

Akaomba kikombe kingine. Alikinywa taratibu sana, Mungu amrehemu.

Ukuta ulianza kupanda mchana ule ule, shemeji akijenga nyuma ya mkeka tuliomtundikia asionekane. Dirisha la uani alilizibua. Na nimpe haki yake: katikati ya ukuta aliacha kitundu, usawa wa mkono, vikombe vipite bila sura kupita. Kitundu kile kilikuwa na akili. Mlango wa kutokea nao tuliuacha, hakuna aliyemwagiwa tena. Filimbi alichukua mdogo wangu, sijui aliitupa wapi. Khanga zangu nikazitoa kikapuni. Mkwe alituma wazee na mbuzi wa kufuta ile aibu, na asubuhi iliyofuata nikasikia kikohozi uani, nikageuka, nikakaa sawa kwenye kigoda changu.

Mbuzi nadhani alikuwa mweupe mwenye doa jeusi shingoni. Binti yangu anasema alikuwa mwekundu. Nyie mliokuwa kwenye foleni, kama nimekosea rangi ya mbuzi, au mama alikunywa vikombe zaidi ya ninavyokumbuka, njooni mniambie, nitafuta niandike upya. Na yule wa kijiko akija kunisahihisha, aje nacho.