Raba ya Bweni la Wauguzi

Ukiniona leo ninavyopanda ngazi huku nimeshika goti, hutaamini kwamba niliwahi kuwa bingwa wa wilaya wa mpira wa meza. Nilikuwa. Ubingwa wenyewe niliupata kwa hila, na nataka kuieleza hila hiyo kabla sijaanza kuisahau au, vibaya zaidi, kuipamba.

Ilikuwa miaka ya baada ya Azimio la Arusha, nami nasomea uuguzi katika chuo kidogo cha milimani, Upare ya Kusini. Bwenini kwetu kulikuwa na meza iliyopinda kidogo upande wa dirishani, na vibao vinne vya kupigia. Vitatu vilibandikwa raba ngumu ya vipele, ambayo huurudisha mpira kama ulivyokuja, bila kuuongezea wala kuupunguzia neno. Cha nne tuliachiwa na daktari mgeni aliyemaliza muda wake. Raba yake ilikuwa nyororo, mbele na nyuma, na ukiweka kidole juu yake ilikushika kidogo kabla ya kukuachia.

Wengi walikijaribu kile kibao wakakirudisha, wakisema hakina nguvu. Walikuwa wanapiga, na ile haikuwa raba ya kupiga. Ilitaka uusugue mpira. Ukiupangusa kutoka chini kwenda juu, ulivuka wavu kana kwamba unatoka nje, halafu ukainama ghafla mezani na kumrukia mtu kifuani. Ukiukata kwa chini, ulitua na kusita, na mwenzako ameshanyoosha mkono mahali usipokuwepo. Lakini haikuwa na upendeleo. Mwenzako naye akiuzungusha mpira, ukaupokea bila kukilaza kibao sawasawa, uliruka hadi kwenye ndoo ya maji. Tena ilipenda usafi kuliko matroni wetu. Asubuhi za ukungu iliteleza mpaka uifute kwa kitambaa kikavu, na ikishika vumbi haikuzungusha kitu.

Aliyeielewa kuliko sote alikuwa mwenzangu wa chumba kimoja. Alikuwa nyuma yangu kwa mwaka mmoja, kwa hiyo aliniita dada. Alitoka kambi ya mkonge huko tambarare, upande wa Bendera. Baba yake aliletwa manamba, kibarua wa mkataba, kutoka Kigoma na akafia shambani. Mama yake alibaki kiwandani, kwenye mashine za kusugulia nyuzi za katani, anavuta vumbi mchana kutwa na kukohoa jioni. Sisi watoto wa milimani, wenye migomba na kahawa na baba wazee wa kanisa, tulijiona. Nilimcheka Kichasu chake cha kuokoteza, lugha yetu ya Upare, naye akacheka pamoja nami. Nilichukulia kwamba haumii.

Tulikuwa tukishikilia kibao kile kwa zamu, maana kila kitu bwenini kilikuwa cha wote, hata pasi ya mkaa. Siku moja ya zamu yangu nilikuta upande wa nyuma una vumbi. Nikafanya kile ambacho muuguzi hufanya bila kufikiri: nikachovya pamba kwenye spiriti na kuupangusa, kama mtu anavyopangusa mkono kabla ya kuchoma sindano. Uling'aa. Jioni mpira ukateleza juu yake kama kwenye sahani. Raba ilikuwa imekauka, haishiki tena. Mwenzangu alipojaribu upande ule alisema, "Dada, huku kumezeeka," nami nikaitikia kwamba ndiyo, vitu huzeeka. Tangu hapo tulitumia upande wa mbele tu.

Kisha ikaja habari kwamba wilaya inatafuta mchezaji mmoja wa kike wa kwenda Moshi kwenye mashindano ya mkoa. Ilisemekana mashirika ya umma yanachukua wachezaji wazuri na kuwapa kazi mjini, na nyumba. Mimi habari hiyo niliisikia kwa sikio la fahari. Mwenzangu aliisikia vingine. Alikaa kitandani, kibao kimelala mapajani, akaniambia, "Nikipata nyumba, dada, mama haendi tena kiwandani. Nitamkalisha. Atakuwa anaota jua tu." Nikamjibu Mungu ni mwema. Moyoni nilikuwa najiuliza nitawaambia nini watu wa nyumbani, mimi kiongozi wa bweni, nikipitwa na mtoto wa manamba. Najua jinsi maneno hayo yanavyosikika. Ndivyo nilivyofikiri, na sina mengine ya kuweka mahali pake.

Tulishuka Same, mjini wilayani, kwa Landrova. Joto la huko lilitupokea kama mlango wa tanuri, na ukumbini vumbi lilikuwa limelala juu ya meza. Mechi za mwanzo tulikipokezana kibao kizuri, kila mmoja akishinda kwa zamu yake. Mwishowe tukabaki sisi wawili. Bwana michezo wa wilaya, mtu mnene mwenye filimbi shingoni, akauliza nani atatumia kipi. Mwenzangu akanitazama. Mimi ndiye dada, neno lilikuwa langu.

Nikasema, "Atumie yeye kile kizuri. Ngoja nikamfutie vumbi."

Nikatoka nacho hadi kwenye sanduku letu la huduma ya kwanza. Mle mlikuwa na chupa ya maji na chupa ya spiriti. Sikukosea chupa. Kwa miaka mingi nilijaribu kujishawishi kwamba nilikosea, lakini mkono wangu unakumbuka ulikokwenda. Nilifuta upande wa mbele wote, taratibu, nikapepea ukakauka, nikarudi kumkabidhi. Alikipokea kwa mikono miwili.

Bwana michezo alisimama akawahutubia watu. "Mmeona? Huyu ndiye mjamaa wa kweli! Ametoa chombo kizuri kwa mwenzake, yeye akabaki na kibovu!" Ukumbi mzima ukapiga makofi, nami nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Sijawahi kusifiwa vile tena maishani, na sitaki.

Mpira wa kwanza aliuanzisha kwa ule mkato wake niliouogopa. Ulikuja mtupu, umenyooka, nikaupiga. Wa pili vilevile. Wa tatu aliusugua kwa nguvu zake zote ukatoka nje, maana hakukuwa na kitu cha kuuinamisha. Akakigeuza kibao, akapitisha kidole juu ya raba, akakileta karibu na uso kana kwamba anapangusa jasho. Kisha akaendelea kucheza, bila kulalamika, mpaka nikamfunga seti mbili kwa sifuri. Alinipa mkono. "Hongera, dada," akasema, na njia nzima ya kurudi mlimani alikaa pembeni yangu.

Moshi nilitolewa siku ya kwanza. Nilikuwa na raba iliyokufa pande zote mbili, na hakuna shirika lililoniuliza hata jina. Mwaka uliofuata mama yake alifariki, bado yumo kambini, bado kiwandani. Nilikwenda kuzika. Nililia sana, na watu wa kambi walinibembeleza mimi zaidi ya mfiwa.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu ameshaota ndevu. Nilistaafu, nikazeeka, ndipo nikapata ujasiri wa kushuka Bendera, ambako mwenzangu alikuwa amefanya kazi katika zahanati hadi naye akastaafu. Alinikaribisha barazani na kutia chai. Nikamweleza yote: pamba, chupa, upande wa nyuma, upande wa mbele. Niliyasema haraka, macho yangu yakiwa kwenye kikombe.

Aliniacha nimalize.

"Dada, mimi ni muuguzi," akasema. "Ile harufu ningekosaje kuijua? Niliisikia palepale, kwenye mpira wa tatu. Na upande wa nyuma nikauelewa siku hiyohiyo."

"Mbona hukusema? Bwana michezo alikuwa pale. Wangerudia mechi."

"Watu walikuwa wamekupigia makofi." Alitazama nje, kwenye mistari ya mkonge. "Nilisema moyoni, atasema mwenyewe. Nikangoja kwenye gari. Nikangoja chumbani. Ulipokuja msibani ukalia vile nikasema, basi, leo atasema."

Nilikuwa nimekwenda Bendera kumpa habari. Kumbe habari alikuwa nayo tangu ukumbini, na miaka yote alichokuwa akingoja ni mimi.