Majibu Niliyochungulia kwa Bi Rukia

Nakuambieni nyinyi, kwa kuwa kichochoro kile sipiti tena. Jumapili alasiri nilijaribiwa na wapenzi wa mafumbo ya maneno wa Mji Mkongwe. Mgeni akilimaliza fumbo ndipo hupewa nafasi barazani kwao, kwenye kichochoro hicho, nami, mwandishi wa riwaya, nilikuwa nshajitapa kwamba maneno hunijia bila ya kuitwa.

Siku hiyo hayakuja. Visanduku vyangu vya kujazia majibu vilibaki vyeupe, kahawa ikapoa, jasho likanitiririka mgongoni. Kando yangu Bi Rukia, mkongwe wao, alikuwa akijaza vyake bila ya kusita. Nikainama kana kwamba naokota kalamu, nikachungulia, nikanakili yote.

"Nshamaliza!" nikapaza sauti.

"Mashaallah! Haya, tusomee," akasema Maalim Seif, mwenye baraza.

Nikasoma kwa madaha. Jibu la kwanza, wakatazamana. La pili, Maalim akajifunika uso kwa kofia yake. Nikadhani wanastaajabu, nikazidisha sauti mpaka mwisho.

Bi Rukia akanishika mkono taratibu.

"Mwanangu, fumbo la leo nimelitunga mimi. Hapa mtunzi hukaa na wenzake akajaza uongo mtupu, ili asijulikane. Hata moja hukuliacha?"