Trela Lililouzwa kwa Dola Moja

Kibao cha namba ndicho alichokiona kwanza. Nyuma ya trela la Dwight Kessling, mahali palipokuwa siku zote na kibao cha Ohio, kilikuwa kimefungwa kipya cha jimbo jirani la Pennsylvania, bluu juu, njano chini, skrubu zake bado zinang'aa.

"Nikajua huyu anahama," anasema Twyla Sabol. "Lakini sikusema kitu. Niliinama nikamalizia farasi waliobaki."

Leo pia ameinama. Ni asubuhi ya Novemba mashariki mwa Ohio, nyasi zimeganda, na Twyla, mwenye umri wa miaka arobaini na moja, ameubana mguu wa farasi jike katikati ya magoti yake. Anaukwangua ukwato kwa tupa, anaupima kwa jicho, kisha anakwenda nyuma ya gari lake ambako tanuri dogo la gesi linanguruma. Anatoa kiatu cha chuma chekundu, anakigonga juu ya fuawe, anarudi kukibandika. Moshi unapanda wenye harufu ya nywele zilizoungua. Farasi hashtuki.

"Tulia, mama. Hivyo hivyo. Nani mrembo hapa? Wewe mrembo," anamnong'oneza, misumari ikiwa imebanwa midomoni.

Akigeuka akakuta mtu anamsubiri, sauti hiyo inapotea. Anajibu kwa kichwa.

Kazi ya kuwavisha farasi viatu ameifanya miaka kumi na tisa. Imempa mikono minene na goti la kulia lililokwisha. Daktari amemwambia lazima lifanyiwe upasuaji, la sivyo hatachuchumaa tena, na fundi wa kwato asiyeweza kuchuchumaa hana kazi. Hospitali inataka alipe sehemu yake ya gharama kabla hajaingia chumba cha upasuaji.

Fedha hizo Twyla amekwisha kuzifanyia kazi. Ziko kwa Kessling.

"Kila nikichuchumaa, goti linamtaja kwa jina," anasema.

Kessling alikuwa amekodi banda upande wa Ohio, akifundisha farasi wa watu na wa kwake. Huku fundi wa kwato haombi malipo. Anafika, anafanya kazi, na anapoondoka anakuta cheki yake ndani ya kopo la shayiri karibu na mlango. Ndivyo walivyozoea, na Twyla aliupenda utaratibu huo kwa sababu haukumlazimu kuzungumza na mtu.

Kwanza kopo lilikuwa na cheki. Baadaye likawa na cheki ya nusu ya malipo. Mwishowe likawa na kikaratasi: *wiki ijayo, nisamehe.* Aliendelea kwenda zaidi ya mwaka mzima.

Kwa nini hakuacha?

"Kwato hazingoji. Usipozikata farasi anaanza kuchechemea. Sasa farasi amenikosea nini? Yeye simdai kitu."

Mama yake, Arlene, aliyestaafu udereva wa basi la shule, ana maelezo mengine. Anayatoa kutoka jikoni, bila kuulizwa.

"Huyu mtoto anaongea na farasi kutwa nzima. Akiona mtu mwenye pochi, anameza ulimi! Mimi ningeingia kwa yule bwana nikakaa kwenye kochi lake mpaka alipe."

"Mama, jamani."

"Mama nini? Nadanganya?"

Banda lilipobaki tupu, Twyla alikwenda mahakama ya madai madogo. Kessling alikuja, akampa mkono, akamwambia hakimu kwamba ni kweli anadaiwa. Hukumu ikatoka: dola elfu tano mia nane na sitini.

"Nilitoka pale nikiwa nimeikumbatia ile karatasi. Nilidhani hukumu ni hela," anasema, na kucheka kidogo bila furaha. "Nilimnunulia mama keki."

Kessling sasa anaishi maili kumi na mbili kutoka nyumbani kwa Twyla. Barabara ni ileile. Mahali jimbo moja linapokwisha, lami inabadilika rangi kidogo tu na gari linatoa mlio mwingine. Lakini neno la hakimu wa Ohio linakomea pale. Ili livuke, mwenye hukumu lazima aombe nakala yenye mihuri yote, aipeleke mahakama ya upande wa pili, alipe, mdaiwa apewe taarifa na muda wa kupinga. Ndipo mahakama hiyo inapokubali kukazia hukumu, yaani kumlazimisha mdaiwa alipe, kana kwamba ni yake.

Mara ya kwanza Twyla alipeleka nakala isiyo na sahihi ya hakimu. Karani aliirudisha kwa ncha ya kalamu.

"Hii haitoshi, mama. Rudi kwenu wakusainie."

"Nifanyeje hasa?"

"Mimi siruhusiwi kukwambia ufanye nini. Naruhusiwa kukwambia haitoshi."

Kila safari ya mahakamani ilikuwa siku bila farasi, na siku bila farasi ni siku bila kipato. Hukumu ilipovuka hatimaye, aligundua kwamba ng'ambo ile mshahara wa mtu haukatwi kwa deni la namna hii. Nyumba ya Kessling iliandikwa majina mawili, la mume na la mke, na deni ni la mume peke yake, kwa hiyo haiguswi. Gari vivyo hivyo. Akaunti ya benki vivyo hivyo.

"Naibu sherifu aliniambia, 'Dada, huyu bwana hana hata kijiko cha peke yake.'"

Naibu huyo, Ron Baughman, ofisa anayetekeleza amri za mahakama, ni mtu mnene mpole anayekaribia kustaafu. Ndiye aliyepata upenyo. Kessling alipofunga kile kibao kipya alilazimika kusajili trela upya, na alilisajili kwa jina lake peke yake. Ni trela la farasi wanne, la aluminiamu, lenye chumba cha kulala mbele. Thamani yake ilizidi deni.

Baughman alikwenda kulibandika karatasi ya mahakama iliyotangaza kwamba litanadiwa kulipa deni. Kabla ya siku ya mnada alimpigia Twyla simu.

"Nilimweleza polepole," anakumbuka. "Nikamwambia, wewe unaruhusiwa kutaja bei. Huhitaji kuja na hela, deni unalomdai ndiyo hela yako. Wakitaja kidogo, wewe taja deni lote uchukue trela, ukauze mwenyewe. Ila utaje kwa sauti. Mimi sisomi mawazo ya mtu."

Mnada ulifanyika Septemba, uani kwa Kessling. Twyla alifika mapema akakuta magari yamejaa mpaka barabarani.

"Nilifurahi!" anasema. "Nilisema moyoni, watu wengi hivi, leo bei itapanda. Nikaanza kupiga hesabu ya goti langu."

Aliwajua wengi wao. Huvuka mpaka kila juma kuwahudumia farasi wao. Walikuwa wamesimama nusu duara, mikono kifuani, na hakuna aliyelikagua trela. Hakuna aliyefungua mlango wake wala kuchungulia matairi. Hapo ndipo alipoanza kuelewa.

Katika wilaya hizi watoto husimuliwa mezani habari za miaka ya njaa, enzi za babu zao, benki zilipokuwa zikinadi mashamba ya walioshindwa kulipa madeni. Majirani walikuwa wakijaa kwenye mnada, mmoja anataja dola moja, wengine wanakaa kimya, na mgeni mwenye tamaa anasindikizwa taratibu hadi kwenye gari lake. Kisha shamba linarudishwa kwa mwenyewe. Wanajivunia jambo hilo kuliko bendera.

Siku hiyo mgeni alikuwa mmoja, mfanyabiashara wa matrela kutoka mbali. Merle Stuckey, mfugaji anayepakana na Kessling, alimwendea na kumshika bega.

"Kaka, lile trela hulitaki. Limeoza kutu chini."

"Kutu? Si aluminiamu lile?"

"Hulitaki, kaka."

Mgeni akawatazama wanaume waliomzunguka, akaondoka.

Baughman akasoma hati, akauliza nani anaanza.

"Dola moja," alisema Stuckey. Watu wakacheka chinichini.

"Kuna zaidi ya dola moja?"

Mikono ilibaki kifuani.

"Ndugu zangu, kuna zaidi?" Baughman aligeuka akamtazama Twyla moja kwa moja. Anasema alimsubiri kuliko alivyoruhusiwa. "Nilijifanya nakohoa. Nikafuta miwani. Nikasoma namba ya usajili mara ya pili. Ningefanya nini tena?"

Twyla anajigusa kooni anapofika hapa.

"Maneno yalikuwa hapa. Nilijua nikifungua mdomo wote watageuka. Na nusu yao ndio ninaokula kwao. Nikitaja bei, mimi ndiye nimemnyang'anya jirani yao. Nisipotaja, basi.  Nikasikia nyundo ya mnada."

Trela likauzwa kwa dola moja. Stuckey akatoa noti mfukoni, akatia sahihi, na palepale akamkabidhi Kessling hati. Kessling akalia. Wakamkumbatia mmoja mmoja, wakampigapiga mgongo.

Hakuna aliyemtazama Twyla, isipokuwa mke wa Stuckey, Bonnie, aliyekuwa akigawa kahawa na maandazi ya sukari kwenye meza ya kukunja.

"Chukua, mpenzi, baridi hii," alimwambia. "Usituchukie, eh? Sisi hapa tunalindana."

"Nikapokea," anasema Twyla. "Nikamwambia asante. Unaamini? Nikasema asante."

Ile dola iliingia kwenye gharama za sherifu. Dhamana ya dola mia nne aliyoiweka Twyla ili mnada ufanyike haikurudi. Deni liko palepale, yeye akiwa na pungufu kuliko alivyoanza.

Kessling hakupokea simu ya mwandishi wa habari hii. Mkewe alipokea. "Trela si limeshanadiwa? Mnataka nini tena?" alisema, akakata.

Stuckey alizungumza bila wasiwasi, akionekana kufurahi kuulizwa.

"Babu yangu alisimama hivyohivyo, na polisi wapo. Haya mambo ni ya heshima. Dwight ana watoto."

Na Twyla?

"Ah, Twyla! Msichana mzuri sana yule, farasi wangu wanampenda. Wala hakulalamika, uliza yeyote aliyekuwepo. Angesema neno, labda tungesikilizana. Mwambie asilichukulie moyoni. Wiki ijayo namtegemea, nina wanne wanachechemea."

Alikwenda. Goti likiwa limefungwa bandeji, aliwavisha wote wanne viatu, na Stuckey akamlipa taslimu, akamwongezea dola ishirini. Wakati anafungasha vyombo, Kessling alipita barabarani na trela. Alipiga honi kuwasalimu. Stuckey akampungia mkono. Twyla akainama kutafuta kitu ambacho hakikupotea.

Usiku huo Arlene alikuta chakula hakijaguswa.

"Wamekulipa kwa kazi yako wakafikiri wamekulipa na ya Kessling," alimwambia binti yake. "Na wewe umekaa kimya wakaona ni sawa."

Hukumu, hata hivyo, bado i hai. Itaendelea kuwa hai kwa miaka, na inaweza kukaziwa upya. Mwezi uliopita Baughman alimpigia tena. Kessling amenunua dume changa la farasi, la mbegu nzuri, na kwa majivuno ameliandikisha kwenye chama cha wafugaji kwa jina lake pekee. Farasi naye ni mali. Twyla anahitaji kuweka dhamana nyingine, na anaikusanya kutoka kwenye akiba ya goti, jambo ambalo daktari wake ameliita upumbavu. Mnada unaweza kuwa majira ya kuchipua.

Arlene amejitolea kwenda naye. "Mimi nitapiga kelele. Mdomo huu ulinyamazisha basi zima la watoto kwa miaka thelathini."

"Hapana, mama. Deni ni langu."

"Basi utasema?"

 Zizini asubuhi hii, Twyla anapoulizwa swali hilohilo na mwandishi, kwanza anamaliza msumari wa mwisho. Anakunja ncha yake, anaupitisha mkono kwenye ukwato, anauteremsha mguu wa farasi chini taratibu kama mtu anayeweka bilauri mezani. Anatema misumari iliyobaki kiganjani. Halafu ananyooka, jambo linalomchukua muda, na anautazama ukuta wa mbao kana kwamba watu wamesimama pale mikono kifuani.

"Dola elfu tano mia nane na sitini," anasema. Sauti yake haitetemeki, na farasi anainua masikio. "Mimi si benki, Merle. Mimi ndiye ninayeishika miguu ya farasi wako. Babu yako angekuwepo, angesimama upande wangu."