Wageni Mia Nane wa Bwana Kisigino

Baba mdogo, mume wa marehemu mama mdogo, hushona viatu vya watoto waliozaliwa na miguu iliyopinda. Mtaani wanamwita Bwana Kisigino, maana akikutana na mtu hutazama miguu kwanza, uso baadaye. Ni mbishi kupindukia, na mimi, ingawa si damu yake, ameniambukiza.

Mama mdogo ndiye aliyekuwa akipokea wateja. Alipofariki, simu ya karakana ilinyamaza. Nilikuwa nimewatengenezea tovuti mwaka uliotangulia, basi baba mdogo akawa anajiliwaza kwa kitu kimoja tu, idadi ya walioitembelea.

“Mia nane mwezi huu, mwanangu! Tumejaa!”

“Na waliopiga simu?”

Akainamia sindano yake. Hakuwa amepiga hata mmoja, na mwenye chumba cha karakana alishampa mpaka mwisho wa mwezi ujao aseme anaendelea au anafunga.

Jumamosi nilikwenda na kompyuta yangu, nikaketi kwenye kigoda cha mama mdogo, katikati ya vipande vya ngozi na harufu ya gundi. Ile idadi kubwa nikaiacha. Nikatazama watu wametokea wapi, wamekaa muda gani, wameondokea wapi. Wageni wapya karibu wote waliondoka kwenye ukurasa wa kwanza ndani ya sekunde tano. Hapo baba mdogo alikuwa amebandika picha ya mkewe, kubwa, yenye ukingo mweusi, na neno moja: Umetuacha. Mzazi anayemtafutia mwanawe viatu angeelewa nini, kama si kwamba karakana imefungwa?

Kilichoniumiza zaidi kilikuwa chini ya takwimu hizo. Katika ziara mia nane, zaidi ya mia tatu zilitoka kwenye simu moja. Alfajiri, saa nne, mchana. Mara nyingine dakika ishirini, bila kugusa kitu.

Nilimwambia yote mawili kwa upole ambao si kawaida yangu. Akavua miwani.

“Kwa hiyo nilikuwa najihesabu mwenyewe.”

“Ndiyo, baba.”

“Mtoe hapo,” akasema. “Angekuwepo angenigombeza. Yeye kwake kazi kwanza.”

Nikaweka picha ya viatu, na kitufe cha kupiga simu juu kabisa. Mama mdogo nikampa ukurasa wake wa ndani. Kisha nikaiondoa simu ya baba mdogo kwenye hesabu, tuone wageni wa kweli tu.

Idadi ikashuka chini ya mia tano, naye akanuna. Lakini kufikia wiki ya tatu walikuwa wamepiga watu kumi na mmoja, na mwenye chumba alipokuja kutaka jibu, alimkuta msichana mdogo kasimama juu ya karatasi, anachorwa nyayo. Mwenye chumba akageuka, akaenda zake bila kuuliza.

Juzi nimetazama takwimu. Ukurasa wa mama mdogo una sifuri, mwezi mzima. Nililia pale pale ofisini kwangu, kwa sababu najua yupo anayeufungua kila asubuhi kabla ya kushika sindano, na ni mimi niliyemfuta kwenye hesabu.