Hariri ya Mishale Iliyokatwa

Mjini Isesaki, mwenye kimono ya hariri ya zamani hampelekei dobi, humpelekea Sumiyo. Mama huyu wa miaka sabini na moja hufumua kila mshono, huosha vipande, huviwamba kwa vijiti vya mianzi, kisha huvishona upya. Kazi alifundishwa na marehemu mama mkwe wake, Yasu, ambaye ulimi wake ulichoma kuliko sindano.

Mwezi wa tatu alikuja Chinatsu, msichana mrefu kama mlingoti, na kimono ya zambarau iliyojaa michoro ya manyoya ya mishale. Bibi yake, Hisae, alitoka nayo kwao alipoolewa, maana mshale ukitoka haurudi, na bi harusi vivyo hivyo.

"Jumapili bibi anatimiza themanini na nane," alisema Chinatsu. "Anataka anione nimeivaa hii, basi. Lakini inaniishia kwenye muundi. Si itateremshwa, Bi Sumiyo?"

Sumiyo aliijua hariri ile. Kila kimono huwekewa akiba ya kitambaa, imekunjwa kiunoni chini ya mkanda, kwa ajili ya mjukuu atakayekuwa mrefu. Yeye, akiwa bi harusi wa miaka ishirini na mitatu, alipewa na mama mkwe kimono hii hii aishone upya, akaona mkunjo ule unafanya kiuno kivimbe, akaukata ili amfurahishe mama mkwe. Sifa zilimponza.

"Nani kakutuma?" Yasu alimuuliza siku ile. "Umemkata mtu hata hajazaliwa." Akamnyang'anya kazi, akaimalizia mwenyewe chumba cha nyuma, asiitaje tena mpaka kufa. Sumiyo alidhani ni kinyongo, naye akamuuguza hadi mwisho kwa wajibu tu, bila mapenzi.

"Niachie, mwanangu, nitajaribu," alimwambia Chinatsu, akijua hakuna cha kujaribu.

Kesho yake alifumua kiuno ili aone ukubwa wa dhambi yake. Mkunjo ukafunguka, kitambaa kikashuka. Vipande alivyovikata vilikuwa vimerudishwa vyote, vimeungwa kwa mishono midogo hata akatafuta miwani, na kila unyoya wa mshale ulikutana na nusu yake. Akiba haiozi, lakini hii ilikuwa imefufuliwa. Sumiyo alilia huku akishona.

Jumapili kimono ilimfika Chinatsu kwenye vifundo, maungio yote yamefichwa na mkanda. Yeye na Sumiyo walimkuta Hisae kwenye nyumba ya wazee, kwenye kiti cha magurudumu. Alimtazama mjukuu wake juu mpaka chini, akacheka.

"Nilikuwa mzuri hivyo kweli, au mtoto ndiye kanizidi?"

Sumiyo alishindwa kungoja. "Mama Hisae, nisamehe. Nilipokuwa bi harusi niliikata hii kiunoni. Mama mkwe ndiye aliyeiunga."

"Wewe?" Hisae alikunja uso. "Yasu alikuja kwangu mwenyewe, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Akaniambia macho yake yameanza kuzeeka, mkasi umemteleza akaikata. Akaniomba kazi zangu zote nikupe wewe, kwa kuwa mkono wako ni mzuri kuliko wake."

Na Hisae alimpa, na jirani zake wakafuata, na nyumba ya Sumiyo ikala miaka arobaini na minane. Yasu, aliyejivunia macho yake kuliko kitu chochote duniani, alikuwa ameyasingizia upofu. Sumiyo alimshukuru marehemu kwa sauti, mbele ya wote wawili, kwa mara ya kwanza akimwita mama.